Usilivunje Buyu Mapema

Kiroba kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni tangu mwezi wa nane. Nilikifungua Machi, masika yameshaanza Dar es Salaam, nikatia mkono kuchota unga wa ubuyu wa kutia kwenye uji wa watoto. Mkono ukagonga kitu kigumu. Kilo 20 zilikuwa zimeshikamana bonge moja. Juu, rangi ilikuwa imeacha weupe na kuingia kahawia yenye wekundu. Chini, pale kiroba kilipogusa sakafu, palikuwa na utando wa kijivu na harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Nilikwenda kukifukia shimoni, na iliniuma, maana ule ulikuwa ubuyu mzuri niliouchagua mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Mpwapwa kwa shangazi, nikamsimulia. Akainuka bila kusema neno, akaingia chumbani kwake, akainama chini ya kitanda, akatoka na mabuyu mawili mazima ya msimu ule ule. Moja akaligonga kizingitini mara mbili, likapasuka. Ubuyu wa ndani ulikuwa mweupe, unamegeka kama chaki, na ukali wake ulinibana taya kabla sijaumumunya vizuri.

"Mungu kalivisha koti, mwanangu," akaniambia. "Wewe ukalivua kwa nini?"

Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka kwenye swali hilo. Matunda ya porini hayakuumbwa na ghala sawa: moja lina ghala imara, jingine dhaifu, jingine halina kabisa. Ukilijua ghala la tunda, utajua ulivune lini, ulitunze vipi na una siku ngapi za kulila. Wengi wetu tunaanza na chupa na kopo, tunasahau kulitazama ganda.

Tuanze na ubuyu, kwa kuwa ndio ulio karibu na kila mtu na ndio unaoharibiwa zaidi. Embe, chungwa na papai huiva yakiwa yamejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayokaribisha ukungu na uchachu. Buyu hufanya kinyume. Likikomaa, maji yake hupungua likiwa bado linaning'inia mtini, hadi ndani unabaki unga mkavu ulioshika mbegu na nyuzi. Wakati wa kuangua, katika miezi ya kiangazi Dodoma, Singida, na kule Ruaha Mbuyuni ambako mibuyu imejaa mlimani pande zote mbili za barabara ya Iringa, kazi ya kukausha mti umeshaimaliza. Ganda gumu lenye manyoya laini kama mahameli limezuia mvua, mwanga na wadudu.

Ukilivunja, ulinzi huo umekwisha. Ubuyu mkavu una kiu. Ukiuacha wazi unanyonya unyevu wa hewani kama chumvi, na ukishalowana hata kidogo, sukari na pektini zilizomo zinaufanya ugande. Joto na hewa vinaingia kazini hapo hapo, na vitamini C ndiyo ya kwanza kuondoka. Ile rangi ya kahawia niliyoiona kwenye kiroba changu ilikuwa taarifa ya hasara iliyokwisha kutokea.

Hiyo vitamini C ndiyo inayosifiwa zaidi katika ubuyu, na inastahili, ila hesabu zake zinatajwa ovyo. Vipimo vilivyochapishwa vinapishana mno: ubuyu mwingine una chini ya miligramu 150 kwa kila gramu 100, mwingine unakaribia 500. Mti unachangia, eneo linachangia, na muda ambao unga umekaa tangu buyu livunjwe unachangia sana. Chungwa lina miligramu 50 hivi kwa gramu 100, na hapo ndipo wauzaji wanapopata ile kauli ya "mara sita ya chungwa". Lakini hakuna anayekula gramu 100 za unga mkavu wa ubuyu kwa mkao mmoja. Pima kwa kijiko. Kijiko kikubwa cha chakula kina gramu 8 hadi 10. Ikiwa ubuyu wako ni wa wastani, wenye miligramu 250, kijiko hicho kinakupa kati ya 20 na 25. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa mtu mzima kwa siku. Kijiko kimoja basi ni karibu nusu ya mahitaji ya siku, na kwa unga unaopatikana kwa bei ya sado sokoni, mimi naiona ni neema kubwa isiyohitaji kuongezewa chumvi.

Kuna mengine ndani yake. Kalisi yake hukaribia miligramu 300 kwa gramu 100, wakati maziwa ya ng'ombe yana 120 hivi. Karibu nusu ya unga huo ni nyuzinyuzi, na sehemu yake kubwa ni ile pektini inayoyeyuka, ndiyo maana juisi ya ubuyu huwa nzito bila kutiwa kitu. Lakini faida ninayoipenda kuliko zote huonekana pale ubuyu unapokutana na chakula kingine. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, maharage na uwele huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiwemo katika mlo huo huo, huyafungulia njia. Glasi ya juisi ya ubuyu pembeni ya wali na maharage inafanya kazi ambayo maharage peke yake hayawezi. Kikombe cha chai ya rangi mahali pale pale hufanya kinyume, kwa sababu tanini ya majani ya chai huyashika madini hayo yasipite. Mama mjamzito na mtoto anayekua wangeisogeza chai saa moja au mbili mbali na chakula, wakapata mengi kwa gharama ile ile.

Sasa jikoni. Majumbani mwetu wengi huubandika ubuyu motoni pamoja na maji, ukachemka mpaka mbegu zikawa tupu. Utamu unabaki, rangi inabaki, na sehemu kubwa ya vitamini C imekwenda na moto. Chemsha maji yenyewe kwanza, maana usalama wa maji hauna mjadala, kisha yaache yapoe hadi uweze kuchovya kidole bila kuungua. Hapo tia ubuyu pamoja na mbegu zake, funika, acha saa moja au mbili, halafu sugua kwa mkono safi au mwiko na uchuje. Mbegu usizisage kwenye blenda. Zikipasuka juisi inakuwa na uchungu. Kwa uji, epua kwanza sufuria, ngoja mvuke utulie, ndipo ukoroge unga. Juisi iliyobaki iweke kwenye friji na uimalize kesho yake, keshokutwa ikizidi sana.

Na sokoni? Siku hizi sinunui unga. Nikiwa Dodoma nakwenda soko la Majengo nanunua ubuyu uliobaki kwenye mbegu, kwa sababu unga uliosagwa siwezi kujua umekaa muda gani wala umechanganywa na nini, ila punje ya ubuyu inajieleza. Chukua moja uibonyeze kati ya vidole: unga wake uvunjike mkavu, usinate. Tazama rangi, iwe nyeupe au ya maziwa. Nusa. Kama muuzaji ana mabuyu mazima, chukua hayo hata kama ni mzigo wa kubeba. Litikise sikioni, lililokauka vizuri hulia, mbegu zinagongana ndani. Ligeuze polepole ukitafuta ufa au tundu dogo la mdudu. Lenye ufa livunje na ulitumie wiki hiyo hiyo. Lisilo na ufa lipange juu ya ubao au kichanja, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, na litakungoja hadi msimu mwingine.

Yale mabuyu ya rangi nyekundu ya Zanzibar na Mombasa, yenye sukari na pilipili manga au hiliki, nayapenda tangu utoto. Ni pipi. Yamepikwa kwenye shira ya moto, kwa hiyo yale kwa raha yake, usimhesabie mtoto kuwa amekula tunda. Mafuta ya mbegu za ubuyu nayo yalipata kusifiwa kama dawa ya kila ugonjwa. Yana asidi za mafuta za jamii ya saiklopropenoidi, ambazo hazifai kunywewa mbichi kwa vijiko kila siku. Kwenye ngozi na nywele yanafaa sana; yaache huko.

Ukwaju unafundisha jambo jingine. Watu hudhani tunda likiwa kali basi lina vitamini C tele. Ukwaju, mkali kuliko mengi, hauna hata miligramu 5 kwa gramu 100. Ukali wake unatoka kwenye asidi ya tartariki, na asidi hiyo, pamoja na sukari nyingi na maji machache, ndiyo ghala lake halisi. Ganda la ukwaju ni dhaifu na huvunjika hata kwa kukanyagwa na kuku, lakini nyama yenyewe ni hifadhi tosha. Uvune pale ganda linapoachana na nyama. Ukiligonga kwa ukucha linasikika tupu. Uchambue, toa nyuzi, anika siku mbili tatu ukiwa umefunika kwa chandarua, kisha finyanga mabonge madogo ukipaka chumvi kidogo kila tabaka. Yatakuwa meusi kadiri miezi inavyokwenda. Weusi huo usikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni ukungu na harufu ya pombe.

Hapa nisimame kidogo kwenye vyombo, maana nimeona hatari hii kwenye shughuli nyingi. Wanawake wa pwani wanasugua vyombo vya shaba kwa ukwaju mpaka ving'are. Kilichong'arisha ni asidi iliyokula uso wa chombo. Asidi hiyo hiyo ikilala usiku kucha ndani ya ndoo ya bati, inakwangua zinki na kuiingiza kwenye juisi, na wageni wataondoka na kichefuchefu, matapishi na tumbo la kukata bila mtu kujua kilichowapata. Juisi ya ukwaju, ubuyu, mabungo au tunda lolote kali iwekwe kwenye kioo, chuma kisichoshika kutu, sufuria la enameli lisilobanduka, chungu kisichopakwa rangi, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa ya shambani haisafishiki. Shaba na chuma chenye kutu vina ubaya mwingine pia: vinaharakisha kufa kwa vitamini C.

Kuna tunda ambalo ghala lake linashindana na la buyu, nalo ni la mtonga, ule unaoitwa Strychnos cocculoides kwa jina la kitaalamu, wa misitu ya miombo. Ni duara, gumu kama ubao, unalivunja kwa jiwe. Likivunwa zima lililokomaa hukaa wiki nyingi, na wenyeji hulifukia mchangani likaivie huko. Nyama yake ya kahawia ni tamu yenye ukali kidogo, imeshika mbegu nyingi bapa. Mumunya nyama, tema mbegu. Usizitafune, usizimeze, usizisage kwenye juisi, kwa sababu jamii hii ya miti ndiyo yenye striknini, sumu inayokaza misuli hadi mtu anashindwa kupumua, na iko miti ya jamii hiyo ambayo tunda lake lote haliliwi. Tunda la mtonga lile pamoja na mtu aliyekua analila mahali pale pale. Majina ya miti yanahama. Furu ya Tanga inaweza kuwa mti mwingine ukifika Songea. Kitabu cha Ruffo, Birnie na Tengnäs cha mwaka 2002 kuhusu mimea ya porini inayoliwa Tanzania kina michoro na majina ya lugha za makabila kwa kila mti, na ningefurahi kila shule ya sekondari ya vijijini ingekuwa nacho kimoja.

Yanafuata matunda yasiyo na ghala. Makusu ya Iringa na Ruvuma ni matamu kama asali, lakini yana siku chache tu tangu yalipoanguka. Kosa kubwa ni kuupiga mti teke au kuutikisa: yanadondoka mabichi pamoja na mabivu, yote yanapata jeraha, na jeraha likianza kuoza linaambukiza kikapu kizima. Okota yaliyoanguka yenyewe kila asubuhi. Yabebe kwenye kikapu kilichotandikwa majani, tabaka mbili au tatu tu, usiyajaze guniani. Mafuru nayo, yakishakuwa meusi tii, ni ya kuliwa siku ile au ya pili yake.

Ng'ongo ina tabia yake. Huanguka ikiwa bado kijani, kisha inaivia chini hadi iwe ya manjano, kwa hiyo anayeikimbilia mtini anajisumbua. Kwa vitamini C inalipita chungwa mara mbili na zaidi, na ni vitamini iliyomo kwenye maji ya tunda lisilopikwa, unaipata hapo hapo. Nyama ukishaila usitupe kokwa. Ndani yake kuna punje ndogo zenye mafuta mazuri, na somo la shangazi linarudi tena: zihifadhi zikiwa ndani ya kokwa, upasue kiasi unachohitaji. Punje iliyokwisha menywa hugusana na hewa na mafuta yake huanza kuchacha.

Mabungo ya Pemba, Unguja na Tanga yana ganda nene kiasi, lakini usidanganyike nalo. Yakatwe na kikonyo chake, maana yakinyofolewa hutoa utomvu mweupe unaonata na jeraha la kikonyo ndilo mlango wa kuoza. Yakishakuwa ya rangi ya chungwa, yapasue, toa nyama na mbegu zake, gandisha kwenye mifuko midogo ya kutosha jagi moja moja. Kugandisha ndiyo njia inayohifadhi ladha na vitamini kwa uaminifu zaidi, ilimradi umeme haukatiki mara kwa mara. Kilichoyeyuka usikigandishe tena.

Kwa nyumba isiyo na friji kuna moto na sukari. Rojo la tunda kali, lililopashwa moto hadi likaanza kutokota, likamiminwa likiwa la moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kufungwa hapo hapo, litakaa miezi kadhaa likiwekwa gizani. Vitamini C itapungua, kalisi na nyuzinyuzi zitabaki. Ukali ndio unaolinda, kwa hiyo tunda tamu lisilo kali, kama makusu, liongezee maji ya limau kabla ya kulipika. Kwenye chupa iliyofungwa, rojo lisilo na asidi linaweza kuotesha bakteria wenye sumu bila kubadilika harufu. Kwa jemu, uzito wa sukari uwe sawa na uzito wa rojo. Ukipunguza sukari kwa ajili ya afya ni sawa, ila jemu hiyo ihesabu kuwa chakula cha wiki moja kwenye friji.

Kunazi ni nzuri kwa kukausha. Kata mbili tatu za kila fungu utazame ndani, kwa sababu funza wake haonekani kwa nje. Anika juu ya mkeka ulioinuliwa, uziingize ndani kabla ya umande. Kujua kama zimekauka, usitegemee macho. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, tia kunazi hadi nusu, funga, uiache mezani usiku kucha. Asubuhi itazame dhidi ya mwanga. Ukiona ukungu wa mvuke au vitone upande wa ndani wa kioo, zirudishe mkekani. Kioo kikiwa kikavu, funga mzigo. Kipimo hiki kinafaa pia kwa punje za ubuyu ulioshauvunja, na kama ningekitumia mwaka ule nisingefukia kiroba.

Kilichoota ukungu tupa chote. Kukwangua juu na kula cha chini ni hatari, kwa kuwa nyuzi za kuvu zimeshazama ndani zaidi ya jicho linavyoona. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na kuvu zinazoitengeneza hazichagui mahindi peke yake. Zinafuata unyevu na joto. Usimpe kuku kilichokushinda wewe. Fukia.

Kwenye kila chupa na kila mfuko andika tarehe na mahali tunda lilipotoka, kwa kalamu isiyofutika. Ubuyu uliovunjwa ugawe kwenye makopo madogo ya wiki mbili mbili, ili usifungue kopo kubwa kila asubuhi na kuliingizia hewa ya jikoni penye mvuke. Weka kabatini, mbali na jiko. Kwa Pwani na visiwani, ambako hewa yenyewe ni mbichi mwaka mzima, fanya makopo hayo kuwa madogo zaidi.

Msimu huu nimepanda basi kutoka Dodoma na mabuyu 30 kwenye magunia mawili. Kondakta alilalamika, nikalipia mzigo. Yako chini ya kitanda, juu ya mbao mbili, na kila Jumamosi binti yangu huchagua moja, akalitikisa sikioni kwanza, kisha akatoka nalo uani kwenye jiwe.